Mama Ametoka Vizuri Mno

Same, Jumatatu jioni. Joto bado halijaondoka, upepo unasomba vumbi la stendi na kulileta mpaka kwenye meno. Sina hamu ya kula.

Shajara, leo usitegemee majigambo. Au tegemea kidogo, maana bila majigambo mimi si Sifaeli, ila ujue kabisa kwamba anayejigamba ni mtu aliyeshindwa.

Tuzimalize sifa mapema. Hapa Same hakuna anayejua mwanga kama mimi. Darasa la saba lilinitema, hesabu za mafungu zikanicheka, mwalimu akamwambia Mama kwamba kichwani mwangu kuna pumba. Sawa. Lakini mwalimu huyo huyo alipotaka picha ya kumpelekea mchumba, alikuja studio akaketi pale nilipomwambia aketi, akainua kidevu nilipomwambia ainue. Nikamchelewesha makusudi mpaka shingo ikamuuma. Akatoka na picha ambayo mchumba aliikubali, sijui kama na mwenyewe alikubaliwa.

Watu wanadhani picha ni kamera. Kamera ni boksi tu, hata mbuzi akipewa kitufe anabonyeza. Kazi yenyewe ni mwanga, na huhitaji umeme wala mitambo ya Dar es Salaam. Nyumba yenye dirisha moja inatosha. Mweke mtu kwenye kiti karibu na dirisha, mwanga umjie ubavuni, usimpige usoni mzima mzima. Upande wa pili, ule wenye giza, tundika shuka jeupe. Mwanga unaingia dirishani, unagonga shuka, unarudi shavuni. Mashimo yote ya uso yanajaa. Aliyekonda ananenepa, na bibi kizee anakuwa binti wa kwaya. Mzee Salimu, mwenye studio, alinifundisha jambo hilo kwa kunifokea mwaka mzima. Sasa namzidi, ila sijamwambia.

Kinyume chake nakijua pia. Funga dirisha. Washa karabai, itundike juu ya kichwa cha mtu. Toa shuka, weka blanketi jeusi. Basi macho yanageuka mapango, mashavu yanaingia ndani, shingo inabaki kamba tupu. Nilimfanyia hivyo rafiki yangu mmoja kwa mzaha, mama yake alipoiona akamnywesha dawa ya safura.

Mzaha huo ndio niliokuwa nimepanga kumfanyia mama yangu mzazi jana.

Nieleze vizuri. Mama yuko nyumbani, Mhezi, juu milimani, na dada yangu Nakijwa ndiye anayemuuguza. Ni kifua. Walimlaza hospitali, wakampiga sindano, mwisho daktari akamwita dada pembeni akamwambia mrudisheni nyumbani, mpikieni anachopenda. Maneno hayo hata mtu wa pumba kichwani anayaelewa. Anachopenda ni makande, na makande yenyewe sasa anakula vijiko viwili anasema ameshiba.

Kitu kingine anachotaka ni kimoja tu. Amwone Elisante.

Elisante ni kaka yetu mkubwa. Yuko kwenye shamba la mkonge upande wa Tanga. Aliondoka mimi nikiwa bado navaa kaptula ya shule, akapata mke huko huko, akapata watoto, na kila mwaka ni "mwakani nitakuja." Hana ubaya. Ni mtu mpole, mimi ndiye niliyechukua ujeuri wa familia nzima.

Sasa sikia. Wakati wa kuchuma kahawa nilimpiga Mama picha. Kifua kilikuwa kimeshaanza, lakini tulisema ni baridi. Nikampiga kwa ufundi wangu wote, dirisha na shuka. Lo, ile picha! Nikampa Bariki, kijana wa kwetu anayeishi kambi moja na kaka, amfikishie. Nilitaka kaka aone Mama, sawa, lakini zaidi nilitaka aone mdogo wake amekuwa fundi.

Aliona. Tena aliona sana. Aliizungusha ile picha kambi nzima, akaipitisha mpaka ofisini kwa meneja, akajisifu kwamba mama yake ndiye huyo na aliyepiga ni mdogo wake.

Halafu habari za daktari zikamfikia. Akaenda kuomba ruhusa.

Bariki amerudi likizo wiki iliyopita, akanisimulia mbele ya duka, huku anatafuta maneno ya kulainisha na hayapati. "Meneja alimcheka, Sifaeli. Alimwambia, ndugu yangu, mama yako si yule wa pichani? Yule ana afya kunishinda mimi. Rudi kazini."

Nikamuuliza, cheti cha hospitali je? Akasema meneja anaviona kila siku, vingine vimegongwa muhuri wa kiazi. Kila ikifika palizi kule makwao, mama za watu wanaugua kambi nzima, na mkonge nao ni mali ya taifa, nani atakata?

"Anataka picha ya sasa," Bariki akasema. "Ikionyesha anaumwa kweli, atampa ruhusa. Mimi narudi Jumatano. Piga, nitaibeba."

Nikacheka. Kweli nilicheka, kwa kiburi. Nikasema, ndugu yangu, ukitaka picha ya mgonjwa, umefika penyewe.

Jana asubuhi nikapanda mlima. Mzee Salimu alinipa kamera na miguu yake mitatu ya kuisimamishia, na filamu iliyobaki nafasi moja ya mwisho. Filamu siku hizi ni kama sukari, ukiambiwa imekuja Moshi ukifika imekwisha. Akaniambia, moja tu, usinililie. Nikabeba na karabai ya studio, nimeikumbatia kifuani njia nzima ili kile kisoksi chake cheupe kisipukutike. Watu wa lori waliniuliza kama nimebeba yai.

Huko juu kulikuwa na ukungu. Huku chini mnaungua jua, kule unanyoosha mkono huoni vidole. Nikajisemea afadhali nimekuja na karabai, maana ukungu kwa mpiga picha ni shuka jeupe lililotandikwa mlima mzima. Unalainisha kila kitu. Ukimpiga mtu kwa mwanga wa ukungu hata kama amekesha na pombe anatoka malaika.

Nikafika. Nikakuta habari imenitangulia.

Kwetu mtu hapigwi picha hivi hivi. Anaoga, anapakwa mafuta mpaka paji la uso, anavaa nguo ya kanisani na viatu hata kama miguu haitaonekana. Dada Nakijwa alikuwa ameshamwogesha Mama na kumvika gauni la bluu, lile la Pasaka. Gauni lilikuwa limemvaa yeye. Jirani mmoja alileta redio yake iwekwe kando ya kiti, maana picha isiyo na redio inaonyesha umaskini. Mwingine alileta maua ya plastiki. Balozi wetu wa nyumba kumi alivua saa yake ya mkono akamvisha Mama mwenyewe, kwa heshima zote, kisha akasimama kuangalia.

Saa ikateleza kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko.

Balozi akakumbuka kwamba ana mkutano kwenye shamba la ujamaa, akaondoka. Dada akakunja kitambaa, akakifunga mkononi mwa Mama, akairudisha saa juu yake. Ikakaa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona umekonda?" Ndivyo alivyoniambia. Yeye aniambie mimi!

"Ni kazi, Mama. Same nzima inanisubiri mimi."

"Bado unajisifu. Basi hujaugua."

Nikaanza kazi. Nikafunga dirisha. Nikatundika karabai kwenye boriti, juu ya kiti chake, nikaipiga pampu ikavuma. Nikamnong'oneza dada alete lile blanketi jeusi la mkaa, alishike upande wa kushoto. Dada anajua mpango wote, Bariki alimpitia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini akashika.

Nikainama nyuma ya kamera. Nikaona.

Shajara, sijui niseme nini kuhusu nilichokiona. Nilikuwa nimejipanga kutengeneza picha ya mgonjwa, kama vile kuna ufundi unaohitajika. Hapakuwa na cha kutengeneza. Karabai haikuongeza kitu, iliacha tu kuficha. Wiki zote nilizopanda kule nilikuwa namwona Mama kwenye mwanga wa mlangoni, au kando ya moto jikoni, na mianga hiyo yote ina huruma. Mimi, fundi wa mwanga, sikuwa nimemwona mama yangu.

Nikachukua kitambaa, nikajifanya nafuta kioo cha kamera.

Mama akainua macho kuitazama karabai. Akatazama dirisha. Akatazama blanketi.

"Sifaeli. Dirisha umefunga kwa nini?"

"Baridi, Mama."

"Mara ile ulifungua, na mvua ilikuwa inanyesha." Akapumzika kidogo. Siku hizi anapumzika katikati ya sentensi. "Na shuka liko wapi? Mara ile Nakijwa alishika shuka. Ulimpigia kelele ainue, ashushe, ainue, mpaka nikamhurumia. Leo ameshika gunia."

"Ni blanketi, Mama," dada akasema.

"Naliona. Ni la mkaa. Mnataka nitoke kama nimechimbwa?"

Mimi kwa kawaida nina jibu la kila mtu. Nimewahi kumjibu mgambo. Jana nilirudi kufuta kioo kilichokuwa safi.

Ikabidi nimwambie ukweli wote, meneja, ruhusa, ile picha ya kwanza iliyocheka mno, Bariki na Jumatano. Nilizungumza haraka haraka kama mtoto anayesoma sala. Nikamaliza kwa kusema, Mama, ni ya yule meneja tu, akishaiona Elisante atakuja.

Karabai ikavuma. Kisha akauliza swali ambalo sikulifikiria njia nzima kutoka Same.

"Na Elisante ataiona?"

"Ataiona, Mama. Ndiye atakayeipeleka ofisini."

"Na ikishatoka ofisini itakaa wapi?"

Nikaigeukia karabai, nikaipiga pampu tena.

"Itakaa kwake," akasema. "Ukutani kwake. Wanawe hawanijui, watauliza bibi ni yupi, wataonyeshwa hiyo." Akakohoa, dada akatupa blanketi akamshika mgongo. Kikohozi kilipotulia akafuta mdomo, akanyoosha kola ya gauni. "Sitaki. Kama ni lazima anione hivi ndipo aje, basi asije."

"Mama, lakini wewe mwenyewe kila siku unamtaja!" Hapo nilikuwa nimeshapandisha sauti. Kumpigia kelele mama mgonjwa, sifa nyingine hiyo niiandike.

"Namtaja kwa kuwa ni mwanangu. Wewe fungua dirisha."

Nilimtazama dada. Nilidhani atasaidia. Dada ndiye anayeamka naye, ndiye anayejua zaidi kuliko sisi sote zimebaki siku ngapi. Akaenda chumbani, akarudi na shuka. Akalitikisa likanyooka, akalishika kwa mikono miwili mpaka likamficha uso, na nyuma ya shuka nikasikia anavuta makamasi.

Ningeweza kumdanganya Mama. Naandika hili hapa ili nisije nikajisahau. Ningeweza kufungua dirisha, kuacha dada ainue shuka, halafu nikampiga akiwa ameinamisha uso katikati ya kikohozi, nikamwambia imetoka vizuri. Asingejua. Picha ingeshuka mlima, ingefika kwa meneja, na labda wiki ijayo kaka angekuwa anabisha hodi. Kidole kilikuwa kwenye kitufe na nilisubiri kikohozi, kweli nilisubiri.

Kikohozi kikaja. Akainama. Sasa, nikasema moyoni.

Sikubonyeza.

Nilingoja akainuka. Dada akampaka mafuta tena kidogo kwenye mashavu. Nikazima karabai, nikafungua dirisha, na ukungu ukaingia na mwanga wake ule wa maziwa. Nikamwambia, Mama, geuka kidogo kwangu. Kidevu juu. Dada, inua shuka. Shusha. Inua. Mama akacheka, kwa sababu nilikuwa namwonea dada kama mara ile. Nikabonyeza hapo.

Basi. Filamu ikawa imekwisha.

Leo mchana nimeisafisha. Niliingia kwenye kichumba cha giza cha studio, nikaitia karatasi kwenye dawa, nikalitikisa bakuli. Uso ukaanza kuja. Kwanza nywele, kisha macho, kisha lile cheko.

Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani mwangu. Sijigambi. Natamani ingekuwa majigambo.

Mwanga umemwagika upande mmoja wa uso kama umemiminwa na mtu anayempenda, na upande wa pili shuka limejaza kila shimo. Mafuta yanang'aa kwenye shavu. Saa ya balozi imekaa sawasawa mkononi. Redio iko pembeni. Ukimwangalia unasema mama huyu ameshatoka shambani, ameshapika, sasa anasubiri wageni.

Mzee Salimu aliichukua ikiwa bado inadondoka maji. Akaitazama muda mrefu. Mzee huyu hajawahi kunisifia tangu nimjue, sifa yake kubwa kwangu ni kutonitukana. Akasema, "Hii tuiweke pale mbele, wateja waione." Nikamwambia ni mama yangu na anakufa. Akanitazama, akaitazama tena picha, na nikaona kabisa usoni mwake kwamba haamini. Mtu wa kazi hii! Anayejua shuka, aliyenifundisha shuka mwenyewe! Naye imemdanganya.

Mwanamke mmoja aliyekuja kupigwa picha ya mtoto akachungulia juu ya bega lake akasema, "Na mimi nipige hivyo hivyo, kama huyo mama mwenye afya."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jioni Bariki akaja kuichukua. Nilimpa nikageukia barabarani, sikutaka kumwona usoni. Basi la Moshi likapita, vumbi likatua, bado anaitazama. Kisha akanirudishia mkononi.

"Siibebi hii, Sifaeli."

"Ndiyo iliyopo."

"Ndugu yangu, nikimpelekea Elisante hii, nitakuwa nimemwambia asije. Si meneja tu. Na yeye mwenyewe ataamini amepona. Atafurahi. Atawanunulia wenzake chai." Akanishika bega. "Kwani ufundi wako wote huo, umeshindwa kumfanya mtu aonekane anaumwa?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo lilinikaa.

Nikamwambia, hakutaka. Akauliza, nani hakutaka? Nikasema Mama. Hapo akakaa na yeye kwenye ngazi.

Filamu hakuna. Mzee Salimu anasema labda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi! Jana dada alinisindikiza mpaka kwenye kona ya migomba, na tulipoagana hakuniambia "karibu tena" kama siku zote. Alisema usikae sana.

Kwa hiyo nimeamua. Jumatano napanda gari na Bariki, naenda mwenyewe huko kwenye mkonge. Nitasimama mbele ya meneja nimwambie kwa mdomo wangu huu ambao umewahi kunipigisha na kunifukuzisha shule. Mzee Salimu ameniruhusu, hata hakunifokea, jambo lililonitisha zaidi.

Nilipoamua nilijisikia mwanaume kwa dakika chache. Sasa nimekaa na taa, nafikiria vizuri.

Meneja atasema, wewe si ndiye yule mpiga picha? Onyesha basi. Mimi nitatoa nini mfukoni? Mama anayecheka. Mama mwenye saa. Nimwambie bwana mkubwa, usiamini unachokiona, huyo ni dirisha na shuka? Atanicheka kama alivyomcheka kaka, na nitastahili, maana nimetumia ujana wangu kujifunza kuwafanya watu waamini hicho hicho.

Na kuna jingine, hilo sijamwambia Bariki. Kwenda na kurudi si karibu. Mama akituita nikiwa huko, Nakijwa atamjibu nini? Kwamba wana wako wawili, wote sasa wako Tanga?